Digrii 9 si cheo

Jumamosi nimeisikia tena, hapahapa Lubumbashi ninapofundisha gofu, kutoka kwa mtu mzima mwenye akili zake: "Mwalimu, miye niko na nguvu. Unipatie ya tisa." Nikampa draiva, fimbo ya kupigia mbali, ya digrii 12 apige mipira kumi kwanza. Akaipokea kwa vidole viwili, kama mtu aliyeachiwa mwavuli wa mke wake barabarani.

Wanaume kama yeye wanaamini lofti ndogo, yaani uso wa fimbo usiolala sana nyuma, ndiyo hupeleka mpira mbali, na kubwa ni ya wazee na akina mama. Hii ndiyo inayonimaliza. Mpira wa draiva hufika mbali kwa kukaa hewani, na kinachouweka hewani ni pembe unayoondokea pamoja na kule kujizungusha kinyumenyume. Wachezaji wa PGA Tour, ligi ya wanaume wa kulipwa ya Marekani, huzungusha fimbo kwa zaidi ya kilomita 180 kwa saa, kwa hiyo digrii 9 inawatosha. Papa wangu huyu wa Jumamosi yuko kwenye 140, tena anaushukia mpira kama anapasua kuni. Kwa 9, mpira wake unadondoka kabla haujapanda. Kwa 11 au 12 angepata mita za bure.

Na hao akina mama? Wa LPGA, ligi ya wanawake wa kulipwa, wana kasi ya karibu 150, sawa na wanaume wengi wa klabu. Wanaupiga mpira fimbo ikiwa inapanda, unaondoka kwa digrii kama 13 na kuruka karibu mita 200 kabla ya kugusa ardhi. Papa hajawahi kufika huko.

Kinachowadanganya ni kiangazi. Mwezi wa nane uwanja umekauka kama sahani, mpira wa chinichini unabingirika mpaka mwenyewe anashangilia. Mvua ikishika Novemba, mpira uleule unanasa pale ulipoangukia, halafu naletewa draiva eti imeharibika. Tena tuko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi haiuzuii sana mpira, ni kweli, lakini pia haiubebi vizuri. Mji huu unadai lofti iongezwe.

Mwenye mpira unaokata kulia ndiye hata asiguse lofti ndogo. Mpira ukijizungusha vya kutosha kinyumenyume, haulali ubavu kwa urahisi. Lakini wenye draiva za kurekebisha shingo wanashusha hadi 8.5, wasijue kwamba kwenye nyingi ukishusha lofti uso wa fimbo unafunguka, unatazama kulia. Mpira unakata kulia zaidi, wanalaumu upepo.

Kuhusu shafti, yaani mpini wa fimbo, husema: "Mwanaume ni S," ile ngumu. Ya nani? Herufi za shafti hazina kipimo cha pamoja: S ya kiwanda kimoja ni R, ile laini zaidi, ya kingine. Mimi huanza na uzito. Kati ya gramu 50 na 70 mwili wenyewe unakujibu, hasa ukifika shimo la kumi na tano.

Shafti ndefu zaidi? Sheria inaruhusu hadi inchi 48. Kuruhusiwa si kuweza. Shika inchi moja chini ya kawaida, utaupiga katikati mara nyingi zaidi, na katikati ndiko kwenye mita.

Kabla hujanunua chochote, chukua kalamu ya ubao mweupe, weka doa kwenye mpira, doa liutazame uso wa fimbo, piga, kisha soma uso wa fimbo. Naifanya kwa kila mteja, hata wanaonicheka. Papa alama zake saba kati ya kumi zilikuwa kisiginoni, upande wa uso ulio karibu na mpini, ila mipira mitatu iliyobaki ilipanda vizuri, akanyamaza.

Na ile namba iliyochongwa chini si ya kuapia: nyingi ukizipima zina digrii moja au zaidi juu ya kilichoandikwa. Nilimweleza hilo. Akaichukua ya 12, akaniomba utepe mweusi wa kufunika namba kabla wenzake hawajafika.