"Nakuja" na "I'm coming" si kitu kimoja: vitenzi vya mwendo katika Kiingereza

Mtu akisimama nusu saa kwenye gati la Amu, yaani Lamu, wakati boti zinapoleta abiria kutoka uwanja wa ndege wa Manda, atasikia makosa ya Kiingereza ambayo kamusi haiwezi kuyarekebisha. Kijana aliyebeba mzigo wa mgeni hukumbuka kwamba hajamlipa mwenye boti, huutua mzigo chini, humwambia mgeni "I'm coming", kisha humpa mgongo na kwenda zake. Mgeni hubaki ameduwaa, maana masikio yake yameambiwa kwamba kijana anakuja ilhali macho yanamwona akienda. Kijana hakusema uongo. Amesema "nakuja", na kila Mswahili huelewa kwamba anatoka kidogo na atarudi sasa hivi. Lakini Muingereza au Mmarekani akitaka kusema hivyo husema "I'll be right back", na neno lenyewe la kuja halimo. Yeye husema "I'm coming" anapoitwa, naye tayari ananyanyuka kumwendea aliyemwita.

Katika darasa la jioni ambalo taasisi yetu huwafundishia waongoza watalii, manahodha na wahudumu wa nyumba za wageni, siku hizi naanza na vitenzi vya mwendo hata kabla ya kugusa nyakati, kwa sababu kosa la wakati husameheka na mgeni hulielewa, lakini kosa la mwendo humpeleka mtu mahali pasipo pake. Tatizo ni kwamba tunalibadilisha neno kwa neno bila kujiuliza msemaji amesimama wapi na anayesemeshwa yuko wapi.

Tuchukue "come" na "go". Kwa sehemu kubwa Kiingereza na Kiswahili vinakubaliana: anayemwendea anayezungumza naye hutumia kuja, au kuya kama tusemavyo Amu, na ndiyo maana kwenye simu tunasema "nitakuja hotelini kwako" na Kiingereza nacho husema "I'll come to your hotel". Lugha zote haziko hivyo. Mhispania akiitwa hujibu kwa kitenzi cha kwenda, kana kwamba anasema "naenda". Tunapoachana na Waingereza ni pale mtu anapoalikwa kufuatana na msemaji. Nahodha humwambia mgeni "kesho tunakwenda Manda Toto, utakwenda nasi?", kwa kuwa safari yenyewe ni ya kwenda. Kiingereza hubadilisha kitenzi katikati ya sentensi: "We're going to Manda Toto, will you come with us?", kwa sababu anayejiunga na msemaji huhesabiwa kuwa anamjia, popote waendapo. Kiswahili hutatua jambo hilo kwa kuviweka vyote viwili pamoja, "njoo twende", na sioni tafsiri ya Kiingereza inayoikaribia kwa ufupi.

"Bring" na "take" hufuata mstari huohuo. Kinacholetwa alipo msemaji au anayesemeshwa ni "bring", na kinachopelekwa pengine ni "take", ingawa Wamarekani wengi na Waairishi hawaushiki mpaka huo kwa ukali. Ugumu kwetu ni kwamba "take" limebeba kuchukua na kupeleka kwa pamoja, hivyo anayeambiwa "take this bag" bila kutajiwa mahali anaweza kudhani amepewa. Ama "fetch", ambalo huwasumbua wanafunzi wengi, sisi tunalo bila kujua: ni ile "ka" iliyomo ndani ya "kalete maji". Mwendo wa kwenda na wa kurudi umo ndani ya silabi moja, na wanafunzi wangu wakishaonyeshwa hilo hawalisahau tena neno hilo.

Kosa ninalolihofia zaidi ni la kufuata. Kwetu mtu humfuata mtoto shuleni, na mwenye punda humfuata mteja wake hotelini, yaani huenda kumchukua. Mwaka uliopita mwanafunzi wangu mmoja alinionyesha ujumbe aliomwandikia mgeni wa kike aliyekuwa peke yake: "I will follow you at the hotel at six." Mgeni huyo hakujibu, na jioni alifanya safari yake na mtu mwingine. Kijana alidhani amezidiwa kwa bei. Nilipomweleza kwamba "follow" ni kumwandama mtu kwa nyuma, hatua kwa hatua, alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza alipaswa kuandika nini. Jibu ni "I'll pick you up at six", au "collect" kwa anayetaka adabu ya Kiingereza cha Uingereza.

Chini ya makosa haya kuna tofauti ya maumbile ya lugha zenyewe. Mwanaisimu Mmarekani Leonard Talmy, katika andiko lake la mwaka 1985, alionyesha kwamba lugha hutofautiana katika kile kinachowekwa ndani ya kitenzi cha mwendo. Kitenzi cha Kiswahili hupenda kubeba njia: toka, ingia, vuka, panda, shuka, pita, rudi. Namna ya mwendo huongezwa baadaye, ikiwa ina haja, kama katika "alivuka mkondo kwa kuogelea". Kiingereza hugeuza mambo, kikaweka namna ndani ya kitenzi na njia kikaiachia neno dogo la pembeni: "she swam across the channel". Anayeandika "she crossed the channel by swimming" hajakosea sarufi, ila amezungumza kama karani wa polisi anayeandika taarifa.

Ndiyo sababu Kiingereza kina maneno chungu nzima ya kutembea. Chukua njia ya ufuoni kutoka mjini hadi Shela, yenye kilomita kama 3. Jua likishapoa, mtu anayekwenda kupunga upepo huko "strolls". Saa saba ya mchana, huyohuyo akiwa na mkoba mzito na miguu inazama mchangani, "trudges", yaani anajikokota. Akiumia mguu "limps", ambako ni kuchechemea, na akipigwa na jua hadi akapepesuka "staggers". Mwongoza watalii anayewaahidi wageni "stroll" na kuwapeleka saa saba amewadanganya kwa kitenzi. Kiswahili hakina upungufu hapa, kama mifano yenyewe inavyoonyesha. Tofauti ni kwamba sisi huvitumia vitenzi hivi tunapotaka kuchora picha, ilhali Muingereza huvitumia hata anapotoa habari tupu.

Kinyume chake ni kupanda, ambako sisi tuna neno moja na wao wana mengi. Tunapanda mnazi, ngazi, punda, boti, ndege, na bei nayo hupanda. "Climb" hudai kukwea kwa mikono au miguu, kwa hiyo linafaa mnazi na ngazi, lakini aliyesema "I climbed the donkey" amemfanya msikilizaji amwone punda mrefu kama mnazi. Punda ni "get on" wakati wa kumpanda na "ride" anapokuwa anakwenda naye. Kwa vyombo, Waingereza hutumia "get on" kwa kile ambacho mtu anaweza kusimama na kutembea ndani yake, kama basi, meli na ndege, na "get into" kwa kile ambacho mtu huinama na kukaa papo hapo, kama gari dogo na mtumbwi. Wakati wa kushuka huwa "get off" na "get out of". Mashua ya wastani iko katikati, na wenye lugha wenyewe husema vyote viwili. "Alight", ambalo Kenya hulipenda sana kwenye matatu, ni sahihi, ila Uingereza ni neno la matangazo ya vituoni zaidi kuliko la mazungumzo.

Makosa mengine nayapitia haraka. Sisi husema "ingia ndani" na "rudi nyuma" bila kuona ziada, lakini "enter" na "return" hazitaki msaada, na "enter into" ni la mikataba. Kufika kwetu ni kumoja, ila "reach" ladai mahali palipofikiwa patajwe, na "arrive" lakataa kuungana na mahali bila kihusishi.

Baharini uteuzi wa kitenzi huwa na uzito mwingine. Chombo "kinachofloat" kinaelea tu na hakuna hatari, lakini "kinachodrift" kinachukuliwa na mkondo bila mwenye kukishika, na anayepokea habari hiyo hutuma boti. Kuzama kwetu ni kwa chombo na kwa mtu. Kiingereza husema chombo "sinks" na mtu aliyekufa maji "drowns". Aliyepiga simu akasema wageni wawili "have drowned", akimaanisha waliangukia majini wakaokolewa, amezitangaza maiti mbili.

Na kuna kupwelewa, yaani chombo kuachwa na maji kikakwama, neno ambalo nahodha yeyote anayepita mkondo wa Mkanda, ulio kati ya kisiwa cha Manda na bara, maji yakikupwa analijua vizuri. Kiingereza husema "aground", lakini neno hilo halielezi kama maji yamekiacha chombo au kimegonga mwamba, na mwenye hoteli anayengoja wageni wake atawaza la pili. Kwa hiyo nawafundisha manahodha ujumbe mzima: "We're aground. No one is hurt. We'll float off when the tide comes in." Hapo "come" limetumika sawasawa, kwa kuwa maji ndiyo yanayomjia msemaji.