Limfoma na kipimo cha uboho: nani atobolewe, nani aachwe

"Ukiwa na limfoma, lazima utobolewe nyonga."

Zamani ilikuwa hivyo. Limfoma, yaani saratani ya chembe nyeupe za damu ambayo mara nyingi huanzia kwenye tezi, ikishaingia kwenye uboho, ule ute wa ndani ya mfupa, huhesabiwa hatua ya nne, ya juu kabisa, na picha ya CT haionyeshi vizuri kilichomo ndani ya uboho. Ilibaki njia moja: sindano nene kwenye mfupa wa nyonga, upande wa nyuma, kuchukua kinyama cha kupima. Ujio wa PET-CT, aina nyingine ya picha ya mwili, ulibadili mambo. Mgonjwa huchomwa sukari yenye mionzi kidogo. Seli za limfoma nyingi hula sukari kwa pupa, hivyo huwaka kwenye picha hata zikiwa zimejificha mfupani.

Mwongozo wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2014, unaoitwa kwa jina la mji wa Lugano, Uswisi, ulilisema wazi: mwenye limfoma ya Hodgkin aliyepigwa PET-CT hahitaji kipimo cha uboho kama utaratibu wa kawaida wa kupanga hatua. Kwa limfoma ya seli B kubwa, ile inayokua kwa kasi, picha ikionyesha uboho umeshambuliwa, inatosha. Isipoonyesha kitu, linabaki swali moja: jibu la uboho litabadili matibabu? Kama dawa na mizunguko yake itakuwa ileile, sioni kwa nini mtu atobolewe ili faili lijae.

"Basi PET ikiwa safi, uboho nao ni safi."

Hapa ndipo wengi hujikwaa, hasa waliosoma nusu ya habari. Limfoma zinazokua polepole, kama ya folikuli, huweza kuingia kwenye uboho kwa kutawanyika kidogo kidogo, na mara nyingi hazina ulafi wa kutosha kuziwasha kwenye picha. Na ya folikuli si mgeni wa uboho: karibu nusu ya wagonjwa au zaidi hukutwa nayo humo.

Chukua mgonjwa wa folikuli ambaye tezi zilizovimba ni za kinena kimoja tu. Daktari anafikiria kumpa mionzi peke yake, kwa matumaini ya kuumaliza ugonjwa. Uboho ukikutwa na seli za limfoma, mpango huo hauna maana tena, kwa kuwa mionzi ya kinena hutibu kinena. Kwa mgonjwa huyu kipimo hakikwepeki. Lakini mwenye folikuli hiyohiyo iliyokwisha kusambaa, hana dalili na anafuatiliwa tu bila dawa, anaweza kusubiri mpaka siku matibabu yatakapohitajika.

Wapo pia ambao uboho ndio unaotoa jina la ugonjwa. Ugonjwa wa Waldenström, limfoma inayokua polepole ndani ya uboho, hauthibitishwi bila kipimo hicho. Vilevile mtu ambaye damu yake imepungua na sababu haionekani. Na pasipo PET, hoja ya kuacha kipimo hupoteza nguvu, ingawa hata hapo Hodgkin ya hatua za mwanzo, bila homa, jasho la usiku wala kukonda, ni nadra sana kukutwa kwenye uboho.

"Uboho wote ukiwaka kwenye picha, saratani imeenea."

Si lazima. Upungufu wa damu, maambukizi, au sindano za kuongeza chembe nyeupe huufanya uboho uchape kazi, nao huwaka wote kwa usawa. Kinachotia shaka zaidi ni madoa yanayowaka sehemu moja moja.

"Ni kuchomwa uti wa mgongo, unaweza kupooza."

Hapana. Sindano huingia kwenye mfupa wa nyonga, haigusi uti wa mgongo. Ila tusidanganyane kuhusu maumivu. Ganzi hufika kwenye ngozi na uso wa mfupa, lakini haifiki ndani, kwa hiyo majimaji ya uboho yanapovutwa kuna sekunde chache za uchungu mkali unaoweza kushuka hadi mguuni. Anayeogopa sana anaweza kuomba dawa ya kumtuliza kabla ya kuanza. Kuvuja damu nyingi ni nadra, lakini anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme mapema, kabla ya siku ya kipimo.