Presha kubwa haileti rangi laini

Kwa mafundi samani wengi, kabati lililopuliziwa rangi likitoka na vipele kama ganda la chungwa, dawa ni moja: ongeza presha ya kompresa. Imani hii ina nusu ya ukweli. Hewa ndiyo inayoipasua rangi kuwa matone madogo, na presha ikiwa ndogo mno matone hubaki makubwa. Ila ikizidi, matone huwa membamba kiasi kwamba hukauka yakiwa bado hewani na kutua kama vumbi. Ukipitisha kiganja, uso unakwaruza. Rangi nyingine inaruka kando, na hiyo umeinunua.

Bunduki za kupulizia rangi za aina ya HVLP zilibuniwa kwa hesabu tofauti: hewa nyingi, presha ndogo. Kwenye kifuniko cha hewa, yaani ncha ya bunduki ambako hewa hutokea, presha haivuki psi 10. Zinahitaji kompresa inayotoa hewa ya kutosha mfululizo. Tangi dogo litakuangusha ukiwa katikati ya kupulizia mlango.

Mara nyingi kosa liko kwenye uzito wa rangi. Ongeza thina kidogo kidogo kwa kipimo cha mtengenezaji, chuja, kisha jaribu kwenye kipande cha ubao. Kwa vanishi, nozeli (tundu la kutolea rangi) ya milimita 1.3 au 1.4 inatosha. Shika bunduki sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye mbao, kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia.

Na pwani, lacquer (rangi ya kung'arisha inayokauka haraka) ikiota utando mweupe, shuku unyevu kwanza, wa hewani au wa ndani ya kompresa. Presha haihusiki.