Saratani Hii Inakula Nini? Tezi Dume na Figo

"Mwanangu, anayehasiwa ni ng'ombe." Mzee mmoja aliniambia hivyo kliniki, nilipomweleza kwamba saratani yake ya tezi dume imefika kwenye uti wa mgongo na tiba ni kuondoa korodani. Wanawe wawili waliomleta wakainamisha macho. Mzee alikuwa na hoja: ugonjwa uko chini ya kibofu na mgongoni, korodani zimekosa nini?

Jibu lilitoka Chicago mwaka 1941. Daktari Charles Huggins, mzaliwa wa Halifax, Kanada, alikuwa akichunguza mbwa, kwa kuwa mbwa dume akizeeka tezi dume yake hutanuka kama ya binadamu. Akihasiwa, tezi hunywea. Huggins na mwenzake Clarence Hodges wakawageukia wanaume ambao saratani ilikwishaingia mifupani. Walipima kwenye damu yao fosfatezi asidi, kimeng'enya cha tezi dume ambacho hupanda ugonjwa ukisambaa. Korodani zikiondolewa, kilishuka. Mgonjwa akidungwa homoni ya kiume, kilipanda. Basi saratani hii hulishwa na testosteroni, ndiyo hiyo homoni ya kiume, na jiko kubwa la testosteroni ni korodani. Wapo waliopata nafuu ya maumivu ya mifupa ndani ya siku chache tu. Tuzo ya Nobel ilimfikia Huggins mwaka 1966.

Siku hizi ziko sindano za kila mwezi au kila miezi mitatu zinazozima korodani bila kisu. Ni nzuri, ila nauli ikikosekana au sindano ikiadimika, homoni inarudi na saratani inarudi mezani. Operesheni hufanywa mara moja, imekwisha. Kwa anayetoka mbali mimi huielekea operesheni, ingawa mwenye kuamua ni mgonjwa. Kwa njia zote mbili nguvu za kiume hupungua sana, joto hupanda ghafla mwilini na mifupa hudhoofika. Mke naye aambiwe mapema.

Kisha baada ya muda, mara nyingi miaka, saratani huamka tena. Huggins alishuku tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo kama kofia, nazo hutoa homoni za kiume kidogo. Mwaka 1945 alijaribu kuziondoa, lakini bila dawa za kufidia homoni nyingine za tezi hizo, mwili ulishindwa kustahimili. Wazo lilikuwa sahihi, dawa ndizo hazikuwepo. Mwaka 2011 Johann de Bono wa London na wenzake walichapisha matokeo ya vidonge vya abirateroni, vinavyofunga utengenezaji wa homoni hizo kila mahali mwilini. Kati ya wanaume 1,195 ambao dripu ya dosetakseli, dawa ya kemo, ilikwishashindwa kuwasaidia, waliovimeza waliishi miezi 14.8 kwa wastani wa kati, wengine 10.9. Vidonge hivi huenda pamoja na predinisoloni, dawa ya kufidia homoni nyingine inayopungua. Nimeona watu wakiiacha predinisoloni wakidhani ni nyongeza ya famasi. Bila hiyo presha hupanda na potasiamu hushuka.

Sasa figo. Jirani akiugua saratani ya figo, usimpeleke kwenye sindano za tezi dume, kwani huko homoni haina kazi, na dripu za kemo za kawaida karibu hazifanyi kitu. Katika aina iliyo ya kawaida zaidi, jeni iitwayo VHL imeharibika. William Kaelin wa Boston, mshindi wa Nobel wa 2019, ni miongoni mwa walioeleza kinachofuata: seli hujiona imekosa oksijeni hata kama ipo tele, ikaita mishipa mipya ya damu. Uvimbe hujichimbia mifereji. Ndiyo maana mwaka 2007 Robert Motzer wa New York alipowagawa wagonjwa 750, sunitinibu, inayoziba mifereji hiyo, iliuzuia ugonjwa kwa miezi 11, ilhali dawa ya zamani ya interferoni iliishia 5.

Uvimbe wa figo pia hujificha mbele ya kinga ya mwili. Toni Choueiri, naye wa Boston, alifuatilia watu 994 waliokwishaondolewa uvimbe lakini wakiwa katika hatari ya kurudiwa. Nusu walipata pembrolizumabu, inayoiamsha kinga, kwa takriban mwaka mmoja. Matokeo ya 2024 yalionyesha kwamba baada ya miaka 4, kati ya kila 100 waliopata dawa, 91 walikuwa hai, wasiopata, 86. Tofauti ni watu 5, na si haba. Lakini wale 86 walikuwa hai bila dawa hiyo, na kinga ikiamshwa kupita kiasi hushambulia utumbo, mapafu au tezi ya shingo. Mgonjwa anayeambiwa auze kiwanja ili ainunue ana haki ya kuuliza hesabu hii kwanza.

Mzee wangu alikubali operesheni. Wiki ya tatu alikuja bila mkongojo, akaniuliza kama ng'ombe naye huwa anaambiwa sababu.