"Mchezaji atakayetajwa baadaye" si mchezaji wa bure

Kila mwisho wa Julai, muda wa kubadilishana wachezaji katika besiboli ya Marekani ukikaribia kuisha, kilio ni kilekile: "Tumemtoa mrushaji wetu tegemeo, tumepewa mchezaji atakayetajwa baadaye. Si bora wangesema tumemgawa bure!" Meneja mkuu anatukanwa mpaka usiku wa manane. Sasa hii ya "bure" imezidi.

Maana yenyewe ni fupi. Klabu mbili zinakubaliana, mchezaji mmoja anahama leo, na anayekuja kufidia pengo lake anatajwa ndani ya miezi sita. Aghalabu ni chipukizi wa ligi ndogo. Wasipoelewana, inalipwa fedha. Basi.

Kinachokera ni watu kudhani asiyetajwa hana thamani, au kwamba hata viongozi wenyewe hawajui wanachukua nini. Mara nyingi orodha ya majina ipo tayari mezani, na klabu inayosubiri inatumia miezi hiyo kuwatuma maskauti wake, yaani wasaka vipaji, wakawaangalie vijana hao wakicheza. Ambaye hajatajiwa ni wewe shabiki.

Tazama biashara ya Julai 2008, Cleveland walipompeleka mrushaji nyota CC Sabathia Milwaukee. Kati ya waliokuja Cleveland kama malipo, jina lililopigiwa kelele lilikuwa chipukizi Matt LaPorta. Nafasi moja iliachwa wazi, kwa makubaliano kwamba Milwaukee wakifuzu mtoano, Cleveland ndio watakaochagua wa kuijaza. Milwaukee wakafuzu, mara ya kwanza tangu 1982. Cleveland wakamchukua Michael Brantley. LaPorta hakufika mbali. Brantley aliitwa kwenye mchezo wa Nyota mara tano. Huyo ndiye aliyekuwa "wa baadaye".

Wakati mwingine hata orodha haihitajiki, kwa sababu jina linajulikana na kila mtu ila kanuni inazuia. Trea Turner alichaguliwa na San Diego katika raundi ya kwanza ya zamu za klabu kuchagua vijana wapya mwaka 2014, na kanuni ya wakati huo ilikataza kumhamisha kijana kabla hajatimiza mwaka tangu asaini. Desemba akaingizwa kwenye biashara ya klabu tatu iliyompeleka Wil Myers San Diego, na yeye Turner aende Washington. Jina la Turner likavuja mara moja, lakini kwenye karatasi alikuwa bado hajatajwa. Basi kijana akaanza msimu wa 2015 akivaa jezi ya timu ndogo ya San Diego, mali ya Washington kwa kila hali isipokuwa maandishi, hadi Juni. Aibu ilikuwa kubwa kiasi kwamba kanuni ikabadilishwa mwaka huohuo. Miaka minne baadaye alitwaa ubingwa na Washington.

Najua mtanitajia Harry Chiti. Kweli, Aprili 1962 Mets wa New York walimchukua mdakaji huyo kutoka Cleveland kwa mchezaji atakayetajwa baadaye, na Juni wakamrudisha yeye mwenyewe kama malipo. Kichekesho kizuri, sikatai, hasa ukikumbuka kwamba Mets hao walifungwa michezo 120 msimu ule. Lakini kinakumbukwa kwa sababu ni kioja. Huwezi kukifanya kipimo cha biashara zote.

Mwenye kubisha zaidi na amtazame kijana wa Kidominika aliyekuwa akiandikishwa Seattle kwa jina la David Arias. Mwaka 1996 Seattle walimtaka Dave Hollins wa Minnesota, wakaahidi mchezaji atakayetajwa baadaye. Septemba wakamtaja Arias. Alipofika Minnesota akaomba aitwe David Ortiz. Ndiyo, yule nyota wa Boston, wa ubingwa wa 2004, 2007 na 2013.

Wengi hawafiki huko, na wapo waliotajwa wasisikike tena. Hiyo ni haki kuisema, ila isemwe baada ya jina kutoka. Kwa sasa, ukiulizwa klabu yako imepata nani, jibu sahihi ni "bado hatujaambiwa".