Udaktari wa meno, miaka ya mwanzo: unasoma usichokiona

Likizo ndefu ikiingia, wanafunzi wa udaktari wa meno ambao kwao ni Tanga huanza kupita kliniki kwangu hapa Ngamiani. Wapo wanaokuja kusalimia tu, wapo wanaotafuta meno yaliyong'olewa wakafanyie mazoezi, na wa mwaka wa kwanza karibu wote wana lalamiko moja: "Dokta, mwaka umekatika na jino sijaligusa." Wazazi nao wana lao, tena la upande wa pili: meno tu miaka mitano? Mbona mtoto wa jirani anasomea mwili mzima kwa miaka hiyohiyo!

Nawajibu wote kwa pamoja. Sehemu kubwa ya kile tunachotibu hatukioni. Jino unaloliona ni taji lake tu. Mizizi imo ndani ya mfupa, kiini kimefungiwa ndani ya jino lenyewe, na neva inapita chini ya magego bila dalili yoyote juu ya ufizi. Mgonjwa akishafungua mdomo unatakiwa uwe na picha ya hayo yote kichwani. Miaka miwili ya mwanzo ni ya kuijenga hiyo picha.

Pale Muhimbili shahada inachukua miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa kufanya kazi chini ya uangalizi. Mwanzoni unasoma anatomia, fiziolojia na baiokemia, mambo yaleyale wanayoyasoma wenzako wa udaktari wa jumla. Madesa yanarundikana, usiku unaishia kwenye diskasheni, na aliyezoea kuongoza PCB (fizikia, kemia na baiolojia) sekondari kwa kukariri anaanza kuhema. Fiziolojia na baiokemia sitazisemea sana, zitakusaidia siku utakapokutana na mgonjwa wa kisukari ambaye kidonda chake hakifungi. Anatomia ya kichwa na shingo ndiyo ninayowasihi msiipite kwa kubahatisha.

Chukua neva ya tano ya kichwa. Ina matawi makubwa matatu: la jicho, la taya la juu na la taya la chini. Kutoka tawi hili la mwisho hutoka neva inayoingia kwenye tundu lililo upande wa ndani wa taya, nyuma kabisa, ikapita ndani ya mfupa chini ya magego, na sehemu yake ikatokeza tena kwa mbele, karibu na magego madogo, ili kuhudumia mdomo wa chini na kidevu. Darasani hii ni michoro na mishale. Kliniki, hiyo ndiyo sababu baada ya kumchoma mgonjwa sindano ya ganzi nyuma kule ndani tunamuuliza, "Mama, mdomo umekufa?" Akijibu kwamba nusu ya mdomo anaihisi nzito, imevimba hivi wakati haijavimba, najua dawa imefika tundu lile ambalo sikuliona. Mdomo wenyewe sikuugusa. Kwenye taya la juu hatuhitaji safari ndefu hivyo. Mfupa wake ni mwembamba na una vitundu, dawa ukiiweka kando ya mzizi inapenya. Mfupa wa taya la chini kwenye magego ni mnene, ukichoma pembeni tu mgonjwa ataruka kwenye kiti.

Halafu inakuja nta. Hapa ndipo mwanafunzi anapoona amefika kwenye meno, na hapa ndipo wengi wanapochoka. Unapewa kipande cha nta, kisu cha kuchongea na rula, unaambiwa utoe jino la mbele la juu: taji urefu wa milimita 10.5, upana 8.5, mzizi kama milimita 13. Unachora kwanza kila upande juu ya nta, unakata, unapima, unakuta upande mmoja umekula zaidi. Kwa joto la pwani nta inalegea mkononi kabla hujamaliza shingo ya jino, kwa hiyo weka bakuli la maji baridi karibu. Aliyekuwa anatengeneza magari ya waya utotoni mara nyingi anampita mwenye A tatu, na mimi naona hiyo ni haki kabisa.

Kwa nini tusiangalie tu picha kitabuni? Kwa sababu picha haikuambii mzizi umepinda kuelekea wapi. Gego la kwanza la juu lina mizizi mitatu, miwili upande wa shavu na mmoja upande wa kaakaa, imetanuka kama mafiga. Ukishaichonga mwenyewe, ukahangaika kuitenganisha bila kuivunja, huwezi tena kulishika gego hilo kwa koleo ukalizungusha. Unalisukuma taratibu kuelekea shavuni, unaupanua mfupa, kisha linakuja. Jino la mbele la juu lina mzizi mmoja wa mviringo, hilo linakubali kuzungushwa. Gego hilohilo la juu wakati mwingine lina ncha ndogo ya ziada upande wa kaakaa, inaitwa kwa jina la Georg Carabelli, daktari wa meno wa Vienna wa karne ya 19. Walimu wanaipenda sana kwenye mitihani ya kutambua meno.

Namba za meno zisikuchukulie wiki. Kinywa kina robo nne: juu kulia ni 1, juu kushoto 2, chini kushoto 3, chini kulia 4, na kulia hapa ni kulia kwa mgonjwa. Kila robo ina meno nane, unahesabu kutoka katikati kwenda nyuma. Kwa hiyo 36 husomwa tatu-sita, gego la kwanza la chini kushoto. Meno ya utoto hutumia robo 5 hadi 8, kwa mpangilio uleule. Hiyo 36 na ndugu zake watatu huota mtoto akiwa na miaka kama sita, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka kupisha njia. Mzazi anadhani nalo ni la utoto, litang'oka lenyewe. Ndilo ninaloliziba kuliko yote.

Somo linalodharauliwa kupita mengine ni lile la jinsi meno yanavyojengeka tangu mimba. Mwanafunzi anaangalia kwenye hadubini vipande vyembamba vya jino linalokua, vyenye rangi ya waridi, na kuuliza, hii ya nini? Basi njoo kwenye suala la yale yanayoitwa mitaani meno ya plastiki. Mtoto mchanga anaharisha, ana homa, mtu anampapasa ufizi, anaona uvimbe mweupe mahali pa chonge, anasema hayo ndiyo yanayomuua. Yanachokolewa kwa kitu chenye ncha, bila ganzi. Uvimbe ule ni chonge ya utoto ambayo haijatoka, kwa kawaida hutoka mtoto akikaribia mwaka na nusu. Kinachotolewa ni laini na cheupe kwa sababu jino bado linajengwa, na aliyeona vipande vile vya waridi anakitambua papo hapo. Jirani yake, ndani ya taya, chipukizi la chonge ya ukubwani nalo limeanza. Mtoto akinusurika kutokwa damu na maambukizi, miaka kumi baadaye naweza kuikuta chonge haipo, au imetoka na umbo lisiloeleweka. Alichohitaji siku ile ni ORS ya kurudisha maji mwilini, na hospitali. Kumweleza bibi hayo bila kumvunjia heshima, huku mama wa mtoto amekaa kati yenu, chuoni hawafundishi vya kutosha.

Sasa hayo meno ya mazoezi mnayonifuata. Njoo na barua ya chuo, kwa kuwa lazima mgonjwa aombwe ruhusa. Njoo na chupa ya mdomo mpana, maana jino likikauka linapasuka. Kabla hujalitoboa, lisugue, kisha liloweke kwenye formalini, dawa ya kuua vijidudu, ya asilimia 10 kwa wiki mbili. Lililozibwa kwa amalgamu, ile ya rangi ya fedha, usilipeleke kwenye mashine ya kuchemshia vifaa, mvuke wake una zebaki. Na usitarajie usafi wa kitabuni. Meno mazima ninayoyapata ni ya wazee ambao fizi zimeachia, mizizi imevaa ugaga mweusi na taji zina wekundu wa tambuu uliokolea miaka. Magego yaliyooza ninayo tele, chagua utakalo. Chonge nzima usizitegemee: mzizi wake ndio mrefu kuliko yote, na wazee wa Tanga huwa hawaniachii mpaka mwisho kabisa.