Kapeti Limerowa, Lakini Tundu Liko Kwengine

Masika yakishika, gari kongwe zinazoingia maji zinaanza kufuatana gereji, na wenyewe wana ombi moja: "Fundi, nipigie silikoni." Silikoni kwangu ni ya mwisho. Maji huweza kuingilia juu ya kioo cha mbele, yakafuata nguzo ya paa kwa ndani ya plastiki, ukaja kuyaona miguuni pa abiria. Ukiziba hapo miguuni hujaziba kitu.

Kwanza namuuliza mwenye gari: linaingia maji likiwa limeegeshwa, au likiwa linakwenda? Kama ni baada ya kupita madimbwi ya barabarani, kama Mwanakwerekwe hapa Unguja, tu, paa naliacha, nanyanyua kapeti nikatazame vizibo vya mpira vya sakafuni. Kapeti likirowa hata siku ya jua, huenda ni maji ya eisi (kiyoyozi), mpira wake wa kumwagia nje umeziba. Yakiteleza vidoleni na yana harufu tamutamu, hayo ni maji ya rejeta, yanavuja kwenye hita.

Ikibaki kuwa ni maji ya mvua, tunafanya kazi wawili. Mmoja anakaa ndani na tochi, plastiki zimeshavuliwa. Mwengine yuko nje na mpira wa maji, yanatiririka tu bila ya presha. Anaanza chini na kupanda kidogo kidogo, kila pahala akisubiri. Ukianza juu maji yanashuka kote, na hutojua yameingilia wapi. Mashine ya kuoshea gari usiisogeze, maana inapenyeza maji hata kwenye mpira wa mlango ulio mzima.

Wengi wanalaumu mpira wa mlango, nami mara nyingi naukuta hauna kosa. Mlango umetengenezwa uingize maji: yanapita ubavuni mwa kioo, yanashuka ndani, yanatokea kwenye vitundu vya chini. Ukifungua mlango ukasikia maji yanacheza, vitundu vimeziba; vizibue kwa kijiti, si kwa bisibisi, usije ukakwangua rangi. Kinachozuia maji yasije kwako ni ile nailoni iliyobandikwa nyuma ya kava la mlango. Aliyekuja kufunga spika au kutengeneza mota ya kioo aliichana, akarudisha kava, akachukua pesa yake. Mimi nasafisha gundi kuukuu, nakata nailoni nene, naibandika kwa gundi nyeusi ile laini isiyokauka. Ncha ya chini naiingiza ndani ya mlango, matone yadondokee humo. Ikiachwa nje ya bati, maji yote yanakuja kwenye kapeti.

Gari linalolala chini ya mwembe, fungua plastiki iliyo chini ya waipa. Majani yakioza humo yanaziba njia, maji yanapanda mpaka kwenye tundu la feni ya hewa, kisha yanashuka ndani. Ni kazi ya mkono na ndoo, haina gharama.

Zenye dirisha la paa, kama Escudo na RAV4 nyingi za kukodisha watalii, zina mipira myembamba ya kutolea maji inayoteremka ndani ya nguzo. Usiipige upepo wa kompresa, itachomoka kwenye maungio yake. Pitisha mshipi mnene wa kuvulia, kisha mimina maji kidogo uone kama yanatoka chini ya gari.

Kioo cha mbele ndiyo kazi nzito, na kwetu chumvi ya bahari inaizidisha. Kutu ikishakula bati chini ya kioo, gundi haina pa kushika. Lazima kioo kitoke, kutu ikwanguliwe mpaka bati liwe jeupe, ipigwe praima (rangi ya msingi), ndipo ije gundi mpya ya vioo. Ile silikoni inayonuka siki ndiyo mbaya zaidi: asidi yake inachochea kutu, na mabaki yake yanaikataa gundi mpya.

Kapeti nalo litoke nje lote. Juu litakauka mchana mmoja, lakini sponji ya chini inakaa na maji muda mrefu kwa unyevu huu wetu. Ibane kwa mkono. Ikiwa bado inatoa maji, endesha gari sakafu tupu mpaka ikauke.